Maana ya Neno "Kisasa"

Neno la Kiingereza "modern" asili yake ni neno la Kilatini "modo", maana yake "sasa hivi". Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo: "sasa" imetiwa "ki-" mbele yake ikawa "kisasa", kama vile "zamani" ilivyozaa "kizamani". Twasema nyumba ya kisasa, kilimo cha kisasa, mashine za kisasa. Kinachobadilika ni ile "ya", "cha" au "za". "Kisasa" yenyewe haibadiliki.

Msomaji asichanganye neno hili na "-pya". Kanzu iliyoshonwa jana ni mpya, lakini mshono wake ni wa kale. Na trekta la kisasa laweza kuwa limekwisha kulima misimu mitatu. Wala si sawa na "bora", na hapa ndipo wengi hukosea, pengine kwa hasara.

Tutazame mahindi. Mwaka wa 1964 ilitolewa huko Kitale mbegu iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador. Wakati ule ilistahili kweli kuitwa mbegu ya kisasa. Lakini neno hilo lataja wakati tu, wala halimwambii mkulima mbegu yenyewe ni ya namna gani. Jina limfaalo ni "chotara", yaani mzao wa wazazi wa aina mbalimbali. Mkulima asikiaye "kisasa" peke yake aweza kudhani kwamba nguvu imo katika punje daima, naye huchagua mahindi yaliyonona katika mavuno yake, akayaweka apande mwaka ujao. Mwaka huo mimea hutoka mirefu kwa mifupi, na mavuno hupungua, kwa kuwa nguvu ya chotara hupotea katika kizazi cha pili. Mbegu za kienyeji, ambazo wengine huzicheka kuwa za kizamani, huwekwa mwaka baada ya mwaka bila hasara hiyo.

Kwa hiyo aendaye dukani kabla ya mvua za Machi aulize kama mbegu ni chotara, tena kama yaifaa nchi yake. Kitale iko juu, yapata mita 1,900, na mahindi ya H611 huchukua miezi sita au zaidi kukomaa. Bungoma iko chini zaidi, yapata mita 1,400, na huko hufaa zaidi mbegu zikomaazo mapema.