Radi, Mfinyanzi na Sharti: Lugha ya Kanuni za Ujenzi katika Ukanda wa Kwapa, Tororo na Busia

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna kanuni za ujenzi za Kenya na Uganda zinavyoweza kuoanishwa na hatari za hali ya hewa na za ardhi katika ukanda wa mpakani wa Kwapa, Tororo na Busia. Hoja yake kuu ni kwamba uoanishaji huo hauwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Hatari inayoukabili ukanda huu kwa namna ya pekee ni radi, na kanuni haiwezi kumfikia fundi mwashi iwapo istilahi zake zinachanganya radi na nguvu ya umeme, au iwapo sharti la kisheria linatafsiriwa kwa kitenzi cha ushauri. Makala yanapendekeza waraka mmoja wa Kiswahili utakaotumika pande zote mbili za mpaka, ukianzia kwenye majengo ya shule.

1. Utangulizi

Kwapa ni kaunti ndogo ya Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, inayopakana na Kenya. Ng'ambo ya mpaka ni Kaunti ya Busia. Waiteso wanaishi pande zote mbili, wakichanganyika na Wajopadhola upande wa Tororo, na Wasamia na Wabukusu upande wa Kenya. Malaba na Busia ni miji ambayo kila mmoja umegawanywa na mpaka, ukiwa na nusu yake Uganda na nusu Kenya. Mashairi ya mvua, ukame na matope ni yale yale kotekote. Nyumba za ukanda huu nazo zinafanana: kuta za udongo au za matofali ya kuchoma, paa la nyasi au la mabati. Kinachobadilika mtu anapovuka ni sheria inayosema nyumba hiyo ijengwe vipi.

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, si mhandisi. Kwa hiyo vipimo vya nguvu ya zege vinaachiwa wenyewe. Kinachochunguzwa hapa ni safari ya kanuni kutoka kwenye gazeti rasmi la serikali hadi kwenye karai la fundi, na mahali ambapo maana hupotea njiani.

2. Kanuni zilizokuta nyumba zimekwisha kujengwa

Upande wa Kenya, msingi wa kanuni za majengo kwa zaidi ya nusu karne ulikuwa amri za mwaka 1968 zilizotungwa chini ya sheria ya serikali za mitaa. Zilikuwa sheria ndogo za kupokewa, maana yake halmashauri ilipaswa kuzikubali kwanza ndipo zipate nguvu katika eneo lake. Ziligawanywa katika madaraja mawili, na roho yake ilitoka Uingereza: nyumba halali ilikuwa nyumba ya vifaa vya kudumu. Marekebisho ya mwaka 1995 yalilegeza msimamo huo kwa kuuliza jengo linafanya kazi gani na linahimili nini, badala ya kuuliza tu limejengwa kwa kitu gani. Mwaka 2024 Kenya ilichapisha kanuni mpya ya kitaifa ya majengo. Hata kabla ya hapo, tangu 1973, Wizara ya Ujenzi ilikuwa na mwongozo wa kusanifu majengo kwa kuzingatia matetemeko ya ardhi. Tangu Katiba ya 2010, mipango na maendeleo ya eneo ni jukumu la kaunti, kwa hiyo idhini ya ujenzi upande huo hutolewa Busia, si Nairobi.

Upande wa Uganda, Sheria ya Upangaji ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la upangaji, vijiji vikiwemo. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 iliunda bodi ya kitaifa pamoja na kamati za majengo za wilaya na miji, na kanuni ya viwango vya majengo ikafuata mwaka 2019. Kwa maneno mengine, kibanda cha udongo katika kijiji cha Kwapa kimo ndani ya sheria, mwenyewe apende asipende, ajue asijue.

Na hapo ndipo penye kiini. Kanuni zote hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna Bunge litakavyoagiza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukipa nafasi hiyo. Tanzania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa kukifanya kuwa lugha ya sheria. Lakini msingi wa nyumba hauchimbwi kwa ibara za katiba.

3. Tororo na radi

Kila eneo lina hatari yake. Kwa Tororo, hatari hiyo ni radi. Katika miaka ya 1967 hadi 1976, kituo cha hali ya hewa cha Tororo kiliandikisha wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyouingiza mji huo katika vitabu vya rekodi za dunia. Msomaji atahadhari hapa: siku ya ngurumo ni siku ambayo mtazamaji kituoni amesikia ngurumo, hata mara moja tu. Haisemi radi ngapi zimefika ardhini. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016, vinavyohesabu mimweko kwa kilomita ya mraba, vinaiweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele, ikifuatwa na Kabare, mashariki mwa Kongo. Hata hivyo, bonde la Ziwa Viktoria limo katika maeneo yenye radi nyingi duniani, na sababu yake inaeleweka: ziwa lenye maji vuguvugu, upepo wa nchi kavu na wa ziwani unaopishana usiku na mchana, na hewa yenye unyevu inayosukumwa juu na miinuko kama Mlima Elgon.

Uganda imezika watu wengi kwa sababu hii. Mwezi Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Agosti 2020, watoto 10 walikufa Arua. Novemba 2024, watu 14 walikufa wakiwa katika ibada kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo. Rwanda nayo, Machi 2018, ilipoteza watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Hakuna hata tukio moja kati ya haya lililotokea Tororo, na hilo lisimpe mtu faraja. Darasa la Kiryandongo na darasa la Kwapa ni darasa moja: watoto wengi, mabati juu, sakafu ya udongo chini.

Inasemwa mara nyingi kwamba mabati huvuta radi. Si kweli. Radi huelekea kwenye kitu kirefu, kilichochongoka au kilicho peke yake, kiwe cha nyasi, cha mbao au cha chuma. Tatizo la bati ni kwamba likishapigwa, nguvu hiyo ya makumi elfu ya ampea haina njia ya kushukia. Nguzo za mbao na kuta za udongo hazipitishi vizuri, hivyo umeme huruka kutoka kwenye paa hadi kwenye kichwa kilicho karibu, au hufika ardhini na kusambaa sakafuni. Mtoto aliyesimama miguu ikiwa mbalimbali hupata tofauti ya volteji kati ya mguu na mguu, na mkondo hupita mwilini mwake. Nyumba ya mjini yenye nondo ukutani, mabomba ya chuma na nyaya zilizofungwa ardhini hufanya kazi hiyo bila mwenye nyumba kujua. Kwa sababu hiyo, kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya nyumba za namna hiyo inaweza kuitaja radi kwa aya fupi tu isidhurike. Ikihamishiwa Kwapa bila kurekebishwa, aya hiyo fupi inaacha shimo kubwa.

Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, hupima hatari kwa kuzingatia wingi wa radi za eneo, ukubwa wa jengo na idadi ya watu waliomo. Kwa kigezo hicho, darasa la kijijini lingepewa kipaumbele kabla ya ghorofa nyingi za mjini. Mtandao wa Afrika wa vituo vya radi wenye makao yake Kampala, ACLENet, umekuwa ukifunga kinga katika shule kadhaa za Uganda. Ni kazi ya hiari, shule baada ya shule. Kanuni ingeigeuza kuwa sharti la kila shule mpya.

4. Maji, mfinyanzi na mtikisiko

Hatari nyingine zinaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi. Mito ya Malaba na Sio, ambayo kwa sehemu ndiyo mpaka wenyewe, hufurika mabondeni. Kusini zaidi, Nzoia hupasua kingo zake na kuingia Bunyala, na mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikishwa hadi wakati huo, likameza nyumba za pwani yake. Kaskazini, kwenye miteremko ya Elgon, maporomoko ya Bududa ya tarehe 1 Machi 2010 yalifunika kijiji cha Nametsi, na zaidi ya watu 300 waliripotiwa kufa au kutoweka. Tororo yenyewe ni tambarare yenye vilima vya miamba. Hatari ya maporomoko ni ndogo, ile ya udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi ni kubwa mabondeni.

Kuhusu matetemeko, ukanda huu uko kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Toro, magharibi mwa Uganda, ilitikiswa mwaka 1966. Subukia, nchini Kenya, mwaka 1928. Bukoba, Septemba 2016. Tororo haiko kwenye hatari ya kiwango cha Toro, na kuitoza masharti ya Toro kungeongeza gharama ya nyumba bila faida inayolingana. Kuoanisha kanuni ni pamoja na kupunguza, si kuongeza tu.

5. Maneno yanapoteleza

Tuanze na neno umeme. Kiswahili hulitumia kwa mwanga wa angani na kwa nguvu inayolipiwa kila mwezi. Tafsiri ikisema jengo la shule liwe na "kinga ya umeme", fundi atafikiria fyuzi na swichi kuu. Na shule isiyo na umeme wa gridi itajiona haihusiki. Neno radi halina utata huo: watu hupigwa na radi, hawapigwi na radi ya soketi. Istilahi "kinga ya radi" inafaa ishike mahali pote, na sehemu zake zitajwe kwa kazi zake: ncha ya kupokea, waya wa kushusha, na mzizi wa ardhini. Mwandishi anafahamu kwamba vitabu vya fizikia vina "kipitishi", na kwamba wengine hupendelea "kondakta". Malaba, kondakta ni yule anayekusanya nauli.

Udongo nao una mitego yake. Mafundi wengi wa Kenya huuita udongo unaovimba kwa jina lake la Kiingereza, linaloutaja kwa weusi na pamba, nasi tunapolitafsiri neno kwa neno tunapata "udongo wa pamba", jina linalomwambia mkulima habari njema na mjenzi halimwambii chochote. Katika maandishi ya sayansi ya udongo ya Tanzania neno "mbuga" limetumika kwa udongo huo huo. Msomaji wa Kenya atadhani ni hifadhi ya wanyama. "Mfinyanzi unaovimba" ni refu zaidi, ila linataja tabia yenyewe inayopasua ukuta.

Mfano wa tatu unagusa uhai moja kwa moja. Kwa mafundi wengi wa Tanzania, lenta ni mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Kwa wengine, hasa wa Kenya, linta ni boriti fupi ya juu ya mlango peke yake. Kanuni ya tetemeko inahitaji ule mkanda mzima. Neno moja, nyumba mbili tofauti.

Kisha kuna sarufi. Kiingereza cha kisheria hutenganisha kwa kitenzi kisaidizi kilicho lazima na kilicho ushauri. Watafsiri wetu huviweka vyote chini ya "inatakiwa" au "inapaswa". Linganisha: "Msingi unatakiwa kufika kwenye udongo mgumu" na "Sharti msingi ufike kwenye udongo mgumu". Sentensi ya kwanza inaweza kusikika kama nasaha ya mjomba. Ya pili ni sheria. Zaidi ya hayo, kauli ya kutendwa huficha mtendaji: "kinga ya radi itawekwa". Na nani? Mwenye jengo, fundi, mkandarasi, au kamati? Kiswahili kinaruhusu, tena kinapendelea, kumtaja: "Mwenye shule sharti aweke kinga ya radi kabla wanafunzi hawajaingia."

Vipimo visisahaulike. Kanuni husema kwa mita za ujazo. Eneo la kazi husema kwa mfuko wa saruji na makarai ya mchanga na kokoto. Uwiano wa moja kwa tatu kwa sita unaeleweka kwa karai bila kupoteza usahihi unaohitajika kwa msingi wa darasa, mradi karai liwe lile lile.

6. Waraka mmoja, pande mbili

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba lugha ya Kwapa ni Kiteso, si Kiswahili. Ni kweli, na maelezo ya mdomo kwa wenye nyumba yafanyike kwa Kiteso na Kidhopadhola. Lakini eneo la ujenzi la mpakani ni mahali ambapo mwashi wa Tororo hukutana na seremala wa Busia na dereva wa lori la saruji kutoka pengine, na Kiswahili kinawatosha wote. Pingamizi la pili ni zito zaidi: nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu kumbukumbu ya jeshi na polisi, na waraka wa masharti unaweza kusikika kama amri ya kambini. Dawa yake ni kuutunga pamoja na mafundi wenyewe, si kuwapelekea ukiwa umekamilika.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kamati ya majengo ya Tororo na idara ya mipango ya Kaunti ya Busia zinaweza kuanza na kurasa chache zinazohusu shule na nyumba za ibada tu. Kurasa hizo zisiharamishe ukuta wa udongo. Kanuni inayomwambia mtu kwamba nyumba yake haipo kisheria humfanya asije kuomba kibali, na asiyeomba kibali hakaguliwi. Ziseme badala yake: ukiwa na bati juu ya mbao na watu wengi chini yake, sharti uwe na waya wa kushusha kila upande na mzizi ardhini, mbali na mlango ambako watoto husimama mvua inaponyesha. Istilahi tano au sita zikubaliwe kabla ya kitu kingine chochote kuandikwa, na ya kwanza kwenye meza iwe radi.