Ugomvi wa Nyumbani: Unaojenga na Unaobomoa

Ndugu msomaji, wahenga walisema vikombe vikiwa kabatini havikosi kugongana. Kutofautiana katika familia si dhambi. Swali ni: tukishatofautiana, tunafanya nini?

Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba kukasirika ni rahisi. Kazi ni kumkasirikia anayestahili, kwa sababu inayostahili, kwa kiasi na wakati unaofaa. Tuchukue mfano. Mume ametuma fedha kijijini bila kumshirikisha mkewe, na shule zinakaribia kufunguliwa. Mke akisema, "Baba Neema, fedha ile tuliipangia ada, sasa tutafanyaje?" hoja iko mezani. Akisema, "Ukoo wenu wote ndivyo mlivyo," mume atautetea ukoo wake, na ada haitazungumzwa tena.

Njia nyingine zinazobomoa tunazijua: kufukua makosa ya zamani, kuwatumia watoto kama wajumbe ("mwambie baba yako..."), kuanika siri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kununiana wiki nzima. Kununa hudanganya zaidi, maana nyumba huonekana ina amani, kumbe moto uko chini ya majivu.

Katika Mathayo 18:15-16, Yesu anatuelekeza tuanze wawili, faraghani. Ikishindikana ndipo waitwe wengine. Kwetu hao ni wasimamizi wa ndoa, wazee wa jumuiya au paroko. Naye Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia (2016), anasisitiza maneno matatu ya kila siku: naomba, asante, samahani.

Lakini kipigo si "ugomvi wa kawaida". Anayepigwa huambiwa, "Vumilia, ndoa ni msalaba." Ushauri huo ni hatari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kuondoka pale yeye au watoto wanapokuwa katika hatari kubwa, hata kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kuchelewa ni hatari. Usalama kwanza; mazungumzo baadaye.

Basi, waseminari wenzangu na viongozi wa jumuiya, tukiitwa kusuluhisha, tusikimbilie kuwaketisha pamoja. Tumsikilize kwanza kila mmoja peke yake, tujue kama kuna anayeogopa kusema mbele ya mwenzake.