Bega Lako Halijachomoka

Swali ni lilelile, wiki hadi wiki: "Daktari, bega langu limechomoka. Nani anaweza kulirudisha?" Anayeuliza ameingia kwa miguu yake, ameweka mkoba chini, na mkono anaosema umetoka mahali pake ndio huohuo anaounyoosha kunionyesha panapouma. Siku hizi huja na simu. Ndani yake kuna video ya tabibu wa kiropraktiki anayemzungusha mtu shingo, kiungo kinalia "ka!", na mtu anainuka akitabasamu. "Nataka nifanyiwe hivi," mgonjwa ananiambia.

Tuelewane leo, kwa sababu imani hii inaumiza watu. Bega lililochomoka kweli halina mjadala. Mtu ameanguka, amepata ajali ya bodaboda au amevutwa mkono kwa nguvu. Mviringo wa bega umepotea, pamebaki kona. Ameubeba mkono huo kwa ule mwingine na hataki uguswe. Ni nadra mtu kukaa na hali hiyo miezi minne akipanda daladala na kupika ugali. Hiyo ni dharura: apigwe eksirei, apewe dawa ya maumivu, kisha arudishwe na mtu aliyesomea. Kumvuta kienyeji bila eksirei ni kucheza na mkono wake, maana huenda mfupa umevunjika pia, na mshipa wa fahamu unaopita chini ya kwapa unaweza kuumizwa, misuli ya bega ikapoteza nguvu.

Lakini maumivu yaliyokuja polepole, bila kuanguka, yakazidi usiku unapolalia upande huo, hayatokani na mfupa kutoka mahali pake. Hakuna kitu cha kurudisha. Nalisema hili kila siku, na bado mgonjwa anatoka kwangu na kwenda kwa mchuaji.

Na ule mlio? Ndani ya kiungo mna ute. Kikitanuliwa ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unajitokeza ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha picha za MRI za vidole vilivyovutwa mpaka vikalia, na uwazi ulionekana ukitokea papo hapo. Hapakuwa na mfupa uliorudi mahali. Mlio si ushahidi wa kupona.

Kiropraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa madai kwamba pingili za mgongo zilizohama ndizo chanzo cha maradhi karibu yote. Madai hayo sayansi haikuyathibitisha. Wapo matabibu wa fani hiyo leo wanaopima bega kwa makini na kufundisha mazoezi, na kukandamizwa mgongo wa juu kunaweza kumpunguzia mtu maumivu kwa muda mfupi. Hao sina neno nao. Ninayempinga ni yeyote, awe na koti jeupe au chupa ya mafuta ya nyonyo, anayeahidi kurudisha bega ambalo halijatoka.

Madhara nayaona zaidi kwa wenye bega lililoganda. Fikiria mama wa miaka hamsini na kitu, ana kisukari, hawezi tena kufunga sidiria kwa nyuma wala kujisuka. Mfuko unaozunguka kiungo chake umevimba, ukakaza. Mchuaji anamwekea goti kwapani na kuvuta. Mfuko wenye uvimbe unachokozwa, maumivu yanazidi, na kama mifupa imepungua uimara, mkono unaweza kuvunjika. Mama huyu alihitaji kupimwa sukari. Kuvutwa hakukuwa na faida yoyote kwake.

Jipime hivi. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, peleka kiganja nje, halafu jaribu kuuinua mkono. Kisha mwenzako akusogezee mkono huo vivyo hivyo, taratibu, bila kulazimisha. Kama hata yeye anashindwa kuufikisha unakofika ule mzima, yaelekea bega limeganda, au kiungo chenyewe kimechakaa, eksirei itatofautisha. Kama wewe unashindwa kuuinua au unaumia ukiuinua, lakini yeye akiuinua unakwenda, tatizo liko kwenye misuli na kano. Kama maumivu yanashuka chini ya kiwiko na kuleta ganzi vidoleni, shingo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Dawa sasa. Kano, ambazo huwasumbua sana mafundi rangi na walimu wa ubaoni: punguza kazi za juu ya kichwa lakini usiufunge mkono, kisha fanya mazoezi ya nguvu, hata kwa chupa ya maji ya nusu lita, ukiongeza uzito kidogo kidogo kwa wiki 12. Bega lililoganda: huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, sindano ya steroidi ndani ya kiungo husaidia zaidi mapema, ila hupandisha sukari kwa siku kadhaa, nyoosha kwa upole kila siku. Shingo: mazoezi yake na mkao mzuri, ukiona mkono unapoteza nguvu, wahi hospitali. Umeanguka na ghafla huwezi kuinua mkono? Huenda kano imekatika. Muone daktari wa mifupa siku hizohizo, usingoje miezi. Kuchuliwa kwa upole hakuna ubaya, ila hakutoshi peke yake.

Na haya usiyapeleke kwa mchuaji wala kwangu, nenda moja kwa moja hospitali: maumivu ya bega yenye kubanwa kifua, jasho au pumzi kukata, bega lililo moto pamoja na homa, maumivu ya ncha ya bega pamoja na tumbo kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kwa kuwa huenda mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavujia tumboni.

Mtu yeyote akitaka kukuvuta mkono kabla hajakuuliza maswali na kuupima, simama uondoke.