Homa Inapoambatana na Maumivu ya Kifua

Katika mitaa ya Kariakoo duka la dawa haliko mbali na mlango wa nyumba yoyote, na mwenye homa aghalabu humeza dawa mseto kabla ya kupimwa. Kifua kikiuma, ndugu msomaji, mazoea hayo huwa ya hatari.

Malaria kwa kawaida huanza kwa baridi, kichwa na viungo kuuma, na kutapika. Kifua si dalili yake kuu. Lakini vimelea vikizidi, chembe nyekundu za damu huharibika, damu hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio. Asidi ikijaa katika damu, mgonjwa huvuta pumzi nzito za harakaharaka. Kwa watu wazima, hasa wajawazito, maji huweza kujaa mapafuni hata baada ya matibabu kuanza. Hiyo ni malaria kali: hutibiwa hospitalini kwa sindano ya atesuneti, si kwa vidonge vya dukani.

Tena malaria mjini Dar es Salaam ni chache kuliko Kigoma au Geita. Homa yenye maumivu ya kifua yaweza kuwa nimonia au kifua kikuu, na kipimo kinachoonesha malaria hakiondoi uwezekano wa nimonia. Mfanyabiashara aliyetoka kufuata mazao mikoani na amwambie daktari alikolala. Na mtoto ambaye akipumua ngozi hubonyea chini ya mbavu, apelekwe usiku huohuo Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili. Asisubirishwe hadi alfajiri.