Meli ya Nchi Kavu

Talwar haikuwahi kuelea. Ilikuwa mabweni, madarasa, ofisi na uwanja wa gwaride, vyote juu ya ardhi kavu ya Colaba, kusini mwa jiji la Bombay ambalo leo ni Mumbai. Hata hivyo jina lake kamili lilikuwa HMIS Talwar, maana yake Meli ya India ya Mtukufu Mfalme, na kijana aliyevuka geti lake alihesabiwa kuwa amepanda chomboni. Talwar kwa Kihindi ni upanga.

Wanamaji wa Uingereza wana desturi hiyo tangu zamani, na waliowafundisha Wahindi waliibeba kama ilivyo. Kituo cha nchi kavu ni meli, basi. Sakafu huitwa sitaha. Mtu anayetaka kwenda mjini kununua sabuni haombi kutoka, huomba kushuka pwani, na hushuka kwa saa iliyopangwa, yeye na wenzake wakiwa wamejipanga mstari, wamekaguliwa kofia, kola na viatu, kana kwamba mashua inawangoja gatini. Aliyechelewa mstari ameachwa na mashua. Atangoja nyingine, ingawa geti analiona kwa macho yake na barabara iko pale pale. Sisi watu wa pwani, ambao chombo kwetu ni kile kinachoelea, tuna haki ya kucheka. Lakini mchezo ule ulikuwa na kazi yake: aliyekubali kuiita sakafu sitaha amekwisha kuzoea kukubali na mengine.

Siku ilikatwa kwa kengele na filimbi. Kwa desturi ya meli, kengele hugongwa kila nusu saa, moja, mbili, hadi nane, kisha zamu ya saa nne inakuwa imekwisha na hesabu inaanza upya. Saa mbili asubuhi bendera ilipandishwa na kila mtu akasimama wima alipo. Jua likizama ikateremshwa. Katikati kulikuwa na gwaride, ukaguzi wa vitanda na mavazi, usafi, darasa, chakula, darasa tena. Hata kushona vifungo na kutia viraka kulitengewa alasiri yake. Aliyepita JKT au bweni la sekondari za zamani hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Talwar haikuwa kambi ya kufundisha kutembea kwa miguu tu. Ilikuwa shule ya mawasiliano, na ilitajwa kuwa ya pili kwa ukubwa katika himaya nzima ya Uingereza. Hapa vijana walijifunza kupokea na kutuma kwa alfabeti ya Morse, kusoma bendera za ishara na taa, na kuendesha mitambo ya simu ya upepo. Ni kazi ya sikio na uvumilivu. Mwanafunzi hukaa na spika masikioni saa nyingi akiandika nukta na mistari hadi mkono unaandika herufi kabla akili haijaitambua. Kosa la herufi moja katika vita linaweza kupeleka meli pasipo. Kwa hiyo jeshi lilihitaji vijana waliosoma, nao wakaja.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka 1939 jeshi la wanamaji la India lilikuwa na watu wasiofika 2,000. Mabaharia wengi wa kale walikuwa Waislamu wa Ratnagiri, kwenye pwani ya Konkan, na wa Punjab. Kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa karibu 30,000, kutoka kila jimbo na kila dini, na shule zilikuwa zimeota: Bahadur ya wavulana, Himalaya ya mizinga na Chamak ya rada, zote Karachi, na Talwar kule Bombay. Kijana aliyemaliza sekondari, anayesoma gazeti kila siku, alipewa kazi nyeti kama ya mwenzake Mwingereza wa cheo kile kile, kwa mshahara mdogo kuliko wake.

Na adhabu zilikuwa zile zile. Mwenye kosa aliletwa mbele ya afisa, akaamriwa kuvua kofia, kosa likasomwa. Alinyimwa ruhusa ya kushuka pwani, alikatwa mshahara, alipewa gwaride la ziada juani au alifungiwa selo. Sheria iliyouma kuliko zote haikuwa ya adhabu bali ya malalamiko. Baharia aliruhusiwa kulalamika, lakini peke yake, kwa mdomo wake, kwa jambo lililompata yeye. Wawili wakilalamika kwa pamoja, hayo si malalamiko tena, ni maasi. Fikiria maana yake mezani: watu mia wanakula wali mmoja wenye mawe, na kila mmoja anatakiwa adai kwamba mawe ni yake binafsi.

Nimeutaja wali kwa sababu chakula ndicho kilichokuwa wimbo wa kila siku wa Talwar. Dengu za maji, mkate mbaya, wali usiochaguliwa. Kwetu mama hawezi kumwekea mgeni wali wenye mawe. Atakaa na ungo mlangoni achague punje kwa punje, maana jiwe likimvunja mgeni jino, fedheha ni ya nyumba. Mlaji wa Talwar hakuwa mgeni wala mwana wa nyumba.

Tarehe 1 Desemba 1945 raia walialikwa kuja kuona jeshi lao. Asubuhi ile uwanja wa gwaride ulikutwa umetapakaa bendera zilizochomwa, kuta zimeandikwa maneno ya kuwataka Waingereza waondoke India, na juu kabisa ya mlingoti, mahali pa heshima, zimening'inia fagio na ndoo. Mimi hiyo naiona kazi ya mtu aliyeelewa desturi za meli vizuri mno. Anayejua mlingoti ni nini ndiye anayejua ufagio pale juu unatukana nani.

Mmoja wa waliohusika alikuwa B. C. Dutt, fundi wa simu ya upepo. Alikamatwa Februari 1946, wakati Jenerali Auchinleck, mkuu wa majeshi, alipokuja kukagua. Siku chache baadaye mkuu wa shule, Kamanda King, aliingia bwenini akiwa na hasira kwamba vijana wamewapigia miluzi askari wa kike waliokuwa wakipita. Akawaita watoto wa makuli. Bandarini kwetu kuli ni mtu anayekula jasho lake, na jina hilo halimuui mtu. Kinywani mwa King lilitoka kama mate. Vijana 14 wakafuata sheria neno kwa neno: kila mmoja akapeleka lalamiko lake, peke yake. Jibu walilopewa ni onyo kwamba lalamiko la uongo ni kosa kubwa.

Tarehe 18 Februari hawakula, wala hawakuingia darasani. Hakuna chakula, hakuna kazi, walisema. Kisha wakafanya kile walichofundishwa. Habari ilitoka Talwar kwa simu ya upepo na kwa ishara, ikafika kwenye meli zilizotia nanga Bombay, Karachi na bandari nyingine. Kamati ya mgomo iliongozwa na M. S. Khan, Mwislamu, na Madan Singh, Kalasinga, na milingotini zilipanda bendera za vyama vya Congress na Muslim League na nyekundu ya Wakomunisti. Kwa siku tano mgomo ulienea kwenye meli 78 na vituo 20 vya nchi kavu, mabaharia wapatao 20,000. Admirali Godfrey, mkuu wa jeshi hilo la wanamaji, alitangaza redioni kwamba yuko tayari kuliangamiza jeshi zima la wanamaji kuliko kuuvumilia. Jijini Bombay raia walioingia barabarani kuwaunga mkono walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 200.

Wengi huyaandika matukio haya kana kwamba yalianzia katika siasa. Siasa ilikuwapo, sikatai. Lakini mtu akisoma madai yenyewe atakuta, kando ya kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa, chakula bora, mshahara sawa, na afisa anayejua kusema na watu.

Viongozi wa vyama hawakuwapokea. Vallabhbhai Patel wa Congress aliwashauri wasalimu amri, na Muslim League ikasema vivyo hivyo. Tarehe 23 Februari bendera nyeusi zilipandishwa kama walivyoamriwa. Mabaharia 476 walifukuzwa. Mwaka uliofuata India na Pakistan zikawa huru, kila moja na jeshi lake la wanamaji, na katika majeshi hayo mawili wao hawakurudishwa kazini.