Viini Vingi, Umeme Kidogo: Prosesa za Kompyuta katika Vituo vya Afya

Katika zahanati inayotegemea umeme wa jua, kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa, mashine ya altrasaundi na taa ya chumba cha kujifungulia huchota katika kisima kimoja, yaani betri. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kompyuta haupaswi kuachiwa mafundi peke yao. Unamhusu pia mganga mfawidhi, na hatimaye mama anayejifungua usiku.

Sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo ya programu huitwa prosesa. Kwa miaka mingi watengenezaji waliiongezea uwezo kwa kuharakisha mapigo yake. Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volti zake, kasi huweza kuongezeka bila joto kuzidi katika eneo lilelile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo ilifikia ukingoni: transista zilikuwa ndogo mno, umeme ukavuja hata zilipozimwa, na volti haikuweza tena kushushwa kama zamani. Baadhi ya prosesa za Pentium 4 za mwaka 2004 zilihitaji zaidi ya wati 100. Mwaka huohuo kampuni ya Intel iliachana na mpango wa kuziendeleza kwa njia hiyo, ikageukia prosesa zenye viini viwili au zaidi. IBM ilikuwa imekwisha kutoa prosesa ya viini viwili, POWER4, mwaka 2001.

Faida ya viini vingi inatokana na hesabu nyepesi. Matumizi ya umeme hupanda kwa kadiri ya kasi, na kwa kadiri ya kipeo cha pili cha volti. Kiini kikipunguziwa kasi na volti kwa asilimia 20, hufanya asilimia 80 ya kazi yake ya awali, lakini hutumia takribani asilimia 51 tu ya umeme. Viini viwili vya namna hiyo, kwa pamoja, hufanya asilimia 160 ya kazi kwa umeme unaokaribia kuwa uleule.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, si kila kazi hugawanyika. Slaidi 40 za malaria zikigawiwa wataalamu wanne wa maabara, zitasomwa mapema. Slaidi moja, kinyume chake, haikauki upesi zaidi kwa kuzungukwa na wataalamu wanne. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kikomo hicho: iwapo asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini vinane huongeza kasi kwa chini ya mara tano, na hata viini elfu moja havifikishi mara kumi. Kuunda picha za CT-Scan ni kazi inayogawanyika vizuri, kwa kuwa sehemu nyingi za picha hukokotolewa kwa wakati mmoja. Kuandikisha mgonjwa mmoja mapokezini hakuhitaji viini kumi na sita.

Kwa hiyo, anayenunua kompyuta ya kituo asihesabu viini tu; aulize pia ni wati ngapi mashine nzima hutumia inapofanya kazi iliyokusudiwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ikiruhusiwa kutumika nusu tu ili idumu, kompyuta ya mezani ya wati 120 itaimaliza nusu hiyo kwa saa 5, ilhali kompyuta mpakato ya wati 30 itakaa nayo saa 20, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea katika inveta. Tofauti hiyo yaweza kuwa mwanga wa chumba cha kujifungulia hadi alfajiri.

Utunzaji nao ni sehemu ya hesabu. Vumbi likiziba feni, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kompyuta iliyoanza kukwama si lazima iwe imezeeka. Kabla ya kuomba fedha za kununua nyingine, kituo kimwombe fundi aizime, aifungue na kuisafisha, kisha ipimwe upya kwa kazi ileile iliyokuwa ikiishinda.