Gari la baba lapata meno mapya

Msomaji aliyewahi kumiliki gari kuukuu anaijua sauti ninayoisema. Unapiga stata alfajiri, na badala ya injini kuzunguka unasikia "grrrr", kama mtu anayetafuna changarawe, kisha kimya. Unajaribu tena: grrrr. Majirani wanaanza kuchungulia madirishani. Basi unashuka, unatia gia ya juu, unalisukuma gari kwa bega hatua moja, unarudi kitini na kujaribu tena, na mara hii linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Marehemu baba aliishi na sauti hiyo miaka mingi. Gari lake ni Morris Minor ya mwaka wa 1961, rangi ya kijivu, yenye kitufe cha kuvuta ili kupiga stata. Kwetu Kangundo nyumba iko kwenye mteremko, na banda la gari lilijengwa juu kabisa, mahali pabaya kwa upepo na mvua. Kila mara tulipomshauri alihamishe alikataa katakata. Asubuhi alikuwa akiachia breki, gari likateremka lenyewe, akaachia klachi karibu na mwembe, likashika moto. Sisi watoto tulidhani magari yote duniani huwashwa hivyo.

Baba alipofariki Morris ilibaki bandani, kuku wakaifanya chumba cha kulala. Mwaka uliopita ndugu yangu mkubwa, mtu asiyependa mambo yakae njiani, alileta mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtu huyo alikuja na mizani. Mama hakusema neno. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kioo cha mbele. Nilipoona hivyo niliomba niachiwe gari hadi Krismasi. Ndugu yangu alikubali kwa sharti moja: liwake kwa stata, mahali tambarare, bila kusukumwa na mtu. Likishindwa, mizani itarudi.

Betri mpya nilinunua, kabureta ikasafishwa, mafuta yakabadilishwa. Grrrr ikabaki palepale.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma ambalo mafundi wetu huliita flaiwili. Ukingoni mwake limevishwa ringi yenye meno. Ukivuta kitufe, kigurudumu kidogo cha stata, yaani piniani, huruka mbele na kuuma meno hayo, kikazungusha injini mpaka iwake. Gari la Cadillac la Marekani lilipowekewa mota ya umeme ya kuwashia mwaka wa 1912, kazi ya Charles Kettering, madereva walianza kupumzika na hendeli, chuma kile kilichokuwa kikirudi nyuma kwa ghafula na kuvunja mikono ya watu. Baba alikuwa na hendeli yake pia, chini ya kiti. Aliitumia mara chache na kwa heshima kubwa.

Sasa kwa nini kusukuma gari hatua moja kuliponye? Hili nililijua uzeeni, nami nilifundisha hesabu miaka 30. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote inapotaka. Pistoni inayobana hewa huisukuma nyuma, hata ikatulia karibu kila siku katika mojawapo ya sehemu mbili zinazokabiliana. Kwa hiyo piniani huuma meno yaleyale asubuhi zote za maisha ya gari. Meno ya sehemu hizo mbili huisha huku jirani zake wakiwa wazima kabisa. Ukilisukuma gari likiwa katika gia, flaiwili huzunguka kidogo na piniani hukutana na meno mazima.

Nilikwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wa umri wangu bado tunaiita Grogan, nikapita duka baada ya duka la spea. Walinihurumia. Mmoja alinishauri nijazie meno kwa weldingi kisha niyachonge kwa tupa. Baadaye, tulipoifungua injini, tulikuta kwamba fundi mmoja wa zamani alikwisha kumfanyia baba hivyo hivyo: uvimbe wa weldingi sehemu mbili, nusu yake umevunjika. Hatimaye niliagiza ringi mpya kutoka Uingereza, ambako spea za Morris Minor zingali zinatengenezwa. Bei yake, pamoja na nauli na ushuru, sijamwambia mke wangu mpaka leo, na natumaini ukurasa huu hausomi.

Niliipeleka kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Kariobangi. Aliingia karakana ya reli hapa Nairobi akiwa kijana, mwaka wa 1970, na mikono yake bado ina alama za kazi ile. Nilimkuta ameketi juu ya tangi la mafuta lililopinduliwa, akinywa chai. Nilikuwa nimekwisha kuipima ringi juu ya flaiwili na moyo ulikuwa umenishuka, maana ilikataa kuingia.

"Mzee, wamenitumia ndogo," nikamwambia.

Aliizungusha mikononi, akacheka. "Ingeingia, Mwalimu, ningekurudishia. Inayoingia baridi hutoka baridi."

Ringi haifungwi kwa nati wala weldingi. Hutengenezwa ikiwa ndogo kidogo kuliko kiti chake, ikatiwa moto ikatanuka, ikavishwa, kisha ikapoa na kukamata yenyewe. Nilipiga hesabu kwa chaki juu ya meza yake: chuma cha pua chenye kipenyo cha sentimita 25, kikipashwa moto kutoka nyuzi 25 hadi 300, hutanuka kwa karibu milimita 0.8. Ni unene wa nyembe nane tu. Mzee hakuitazama hesabu yangu. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakivisha magurudumu ya gari moshi tairi za chuma kwa njia hiyohiyo, tairi moja likiinuliwa kwa winchi, limezungukwa na ndimi za moto. Ukitaka kuona kazi ya namna hiyo nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, ukaitazame Mount Gelai, mojawapo ya zile Garratt za aina ya 59 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Magurudumu makubwa yale yote yamevaa tairi zilizopashwa moto.

Siku ya kazi nilikuja na wazo langu. Nilitaka tuiweke flaiwili kwenye friji ya mwenye bucha jirani ili isinyae. Mzee alisema kusinyaa kwake ni kudogo mno, na ikitoka humo itatoa jasho, maji yakabaki chini ya ringi. Friji ikabaki na nyama yake.

Ringi ya zamani kwanza. Alichora kwa chaki mshale kuonyesha upande ambao ncha za meno zimechongwa mshazari, kwa sababu huo ndio upande piniani inakoingilia. Ukivisha kinyume, kazi yote bure. Akatoboa tundu kati ya meno mawili, akikoma kabla keekee haijagusa flaiwili. Akafunika kwa gunia, akaweka tindo juu ya tundu, akapiga nyundo mara moja. Ringi ilipasuka kwa kishindo na kuruka ndani ya gunia kama nyoka. Nilielewa gunia lilikuwa la nini.

Kijana wake, mwanafunzi hodari lakini mwenye haraka, alikuwa amekwisha kuwasha mtungi wa gesi. Mzee alimzuia. Moto wa gesi hupiga sehemu moja, akasema, na ringi hupindana ikawa kama yai. Alitandaza mkaa kwenye jiko pana, juu yake bati nene la chuma, juu ya bati ringi. Kabla ya hapo alikuwa ameisugua kwa msasa sehemu sita, zikang'aa kama kioo. Hivyo vilikuwa vipimajoto vyake.

Tuliketi tukatazama. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha kioo kimoja kikageuka rangi ya nyasi kavu, na vingine vikafuata. Mzee alisukuma mkaa upande uliochelewa. Nyasi kavu ikawa kahawia, kahawia ikawa zambarau. Kijana alishika koleo. "Bado," akaambiwa. Zambarau ikaanza kuwa samawati ya anga la asubuhi, karibu nyuzi 300, na hapo ndipo mwisho, maana moto ukizidi ugumu wa meno hupotea na ringi huwa laini, haifai tena. Sikuwa na ringi ya pili, wala fedha zake. Mzee alitazama vioo vyote sita, kimoja baada ya kingine, bila haraka hata kidogo, huku mimi jasho likinitiririka mgongoni.

"Sasa."

Waliiinua pamoja kwa koleo mbili. Ilishuka juu ya flaiwili kwa sauti ndogo kama kifuniko cha sufuria, lakini upande mmoja ulibaki juu, labda milimita mbili. Sekunde hizo ni chache: ringi ikigusa chuma baridi huanza kusinyaa papo hapo, na ikikamata imekaa mshazari haiondoki ila kwa tindo. Mzee alikuwa tayari na kipande cha shaba. Alipiga pale, akapiga ng'ambo, akazunguka, tok tok tok, mpaka mlio ukabadilika ukawa mzito. Akaacha. Kijana aliinua ndoo ya maji, nasi wawili tukapiga kelele kwa pamoja.  Iliachwa ipoe yenyewe, na mzee akarudi kwenye chai yake.

Ilipopoa alijaribu kuchomeka wembe kati ya ringi na mgongo wa kiti chake, mzunguko wote. Haukuingia popote.

Jumamosi moja ya Desemba tulikuwa Kangundo. Ndugu yangu alisimamia mwenyewe gari lisukumwe mpaka uwanjani, mahali tambarare, kisha akatia jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele. Mama aliketi kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Nilivuta kitufe. Injini ilizunguka mara mbili, ikawaka.

"Zima," akasema ndugu yangu. "Rudia."

Nilizima, nikarudia, ikawaka. Akataka tena. Kila iliposimama nilijua piniani inakwenda kuuma mahali palepale ilipouma miaka yote, na kila mara iliuma. Mara ya saba ndugu yangu aliinama, akaondoa mawe mwenyewe.

"Acheni kumaliza betri," akasema mama. "Nipelekeni sokoni."